Amana ya Santuri katika Nchi ya Wajaluo

Miongoni mwa Wajaluo wakaao Migori na Homa Bay, mwimbaji hakuwa mtu wa kusikilizwa kimya hata amalize. Kwani ada yao iitwayo pakruok humpa msikilizaji ruhusa ya kumkatiza mpiga nyatiti, kinubi chao, katikati ya wimbo, akatoa fedha, akajisifu nafsi yake, ukoo wake na rafiki zake kwa maneno ya fahari na mzaha, kisha ndipo nyuzi nane zilie tena. Ada hiyo haikufa gitaa lilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wala benga, muziki wao wa gitaa, ilipotiwa katika sahani za santuri, bali iliingia humo humo, hata leo, ukisikiliza sahani kuukuu za benga, aghalabu utasikia kati ya beti majina ya watu, vijiji vyao na sifa zao.

Nadhani hiyo ndiyo sababu sahani hizi ndogo, ambazo upande wake mmoja huchukua kama dakika tatu tu, hata wimbo mrefu ukalazimika kukatwa vipande viwili, zimetunzwa majumbani mfano wa hati za shamba. Mtu ambaye babu yake ametajwa katika santuri haitupi. Humwazima jirani, na jirani humwazima shemeji yake wa Rongo au Oyugis. Na zilipokuja kaseti wakanakili, maana wenye haja walikuwa wengi na sahani ni moja. Kaseti nazo zilipochakaa, vijana wa vibanda vya nyimbo sokoni wakazihamishia katika kadi za simu, na sasa wana wa Nyanza walioko Nairobi, Uingereza na Marekani hupelekeana kwa intaneti nyimbo za D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, na za Victoria Jazz: huyu ana upande wa kwanza, yule ana wa pili, na mzee mwenye kumbukumbu huwaambia mpiga besi alikuwa nani.

Wenye biashara waliita desturi hii wizi, nami siwezi kusema hawakuwa na hoja, kwa kuwa wako wanamuziki waliokufa mafukara ilhali nyimbo zao zilikuwa zikilia katika kila baa. Lakini insafu yataka tukiri pia kwamba biashara ya sahani ilipokoma, waliobaki na amana ni hao hao walionakili. Santuri za benga alizozitoa mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo zilifika hata Zimbabwe, ambako watu waliupa muziki ule jina lake. Na pamoja na umaarufu huo, haikuwa ila mwaka 2008 ndipo Ketebul Music ya Nairobi ilipotoa kitabu na rekodi za kuisimulia tarehe ya benga.

Katika nchi za mbali wako watu wafanyao vivyo hivyo kwa programu za kompyuta zilizotupwa na kampuni zao, na Internet Archive, maktaba iliyoasisiwa Marekani mwaka 1996 na Brewster Kahle, huzihifadhi ili zifunguke katika mashine ya leo inayoiga mashine ya zamani. Taabu yao ndiyo taabu ya mwenye santuri: kitu kipo, chombo cha kukisomea hakipo, kinanda kimekosa sindano na fundi wake amekwisha kufa.

Ila jambo moja lanikera. Katika kunakili huku wimbo huingia simuni bila jina, au kwa jina la mwimbaji mwingine, na wapo wanaokata yale majisifu ili wimbo uwe mfupi wa kupigwa redioni. Yafaa kila mwenye sahani apige picha karatasi yake ya katikati, yenye nambari, jina la mtunzi na la kampuni, aipeleke pamoja na wimbo. Kwani kwa karatasi hiyo warithi wa mtunzi waweza kutafutwa na kulipwa haki yao.