Tomaso Hakufungiwa Mlango

Kila mwaka, Dominika ya pili ya Pasaka, Mama Kanisa hutusomea Injili ile ile ya Yohane, sura ya 20. Dominika nyingi za mwaka Injili hubadilika kwa mzunguko wa miaka 3; hii haibadiliki. Kwa nini Kanisa halichoki kutukumbusha habari za Mtume Tomaso, aitwaye Pacha?

Tumezoea kumtaja kama mfano wa mtu asiyesadiki. Tusimhukumu upesi. Yesu alipoazimu kurudi Uyahudi kwa ajili ya Lazaro, mahali alipotaka kupigwa mawe, ni Tomaso aliyewahimiza wenzake waende wakafe pamoja naye (Yn 11:16). Huyu alimpenda Bwana kweli, na kwa sababu hiyo msalaba ulimwumiza.

Tulitazame jambo moja linalopita masikioni mwetu haraka: jioni ile ya Pasaka Tomaso hakuwapo. Wenzake walimwona Bwana; yeye aliletewa habari tu, na habari hazikumtosha. Hata hivyo, baada ya siku 8 twamkuta tena nyumbani, kati ya wale wale. Wao hawakumfukuza kwa mashaka yake, wala yeye hakuikimbia furaha yao. Humo ndimo Yesu alimomjia, akamwonyesha madonda yake. Injili haisemi kwamba Tomaso aliyagusa. Yasema alimkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake.

Wakristo wa Kerala, kusini mwa India, wanaoitwa hata leo Wakristo wa Mtakatifu Tomaso, wanashika mapokeo kwamba ndiye aliyewapelekea Injili, na kwamba aliuawa huko kwa mkuki. Aliyedai kutia mkono katika ubavu uliochomwa, mwishoni aliutoa wa kwake.

Ndugu wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo yupo asiyeonekana tena tangu alipomzika mwanawe. Tukinong’ona kwamba imani yake imepoa, tunamfungia mlango ambao Mitume waliuacha wazi kwa Tomaso. Twende kwake. Tuketi naye, tumsikilize pasipo kumkemea, tumwambie kuwa nafasi yake ingalipo. Kumwonyesha madonda yaletayo imani ni kazi ya Bwana mwenyewe. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba, Bwana ajapo, ndugu yetu yumo ndani.