Je, Wajua? Nyoka Asiye na Anwani

Kuna nyoka wa Nyanda za Juu Kusini ambaye wataalamu waliomtangaza mwaka 2011 waligoma kutaja msitu anaoishi. Si kwamba walisahau. Ni kifutu wa Matilda: mweusi, ana michirizi ya njano kama ndizi mbivu, macho ya kijani na, juu ya macho hayo, magamba yaliyochomoza mithili ya pembe. Walihofia wanunuzi wa nyoka wa kufuga wangemmaliza porini.

Wakaanza pia kumzalisha bandani, kundi dogo tu, ili anayetaka kumfuga apate aliyezaliwa kizuizini.

Mrefu kuliko wote waliopimwa wakati huo hakufika sentimeta 65. Na jina je? Ni la binti wa Tim Davenport, mmoja wa wataalamu hao. Binti huyo alipenda kumtazama nyoka na akasaidia kumtunza. Mtoto jasiri, huyo!

Iringa nako yupo ndugu wa nyoka huyu, mdogo zaidi, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1930 kutoka Dabaga, milima ya Udzungwa. Ni wa jamii ileile ya vifutu, lakini mlo wake mkuu ni nyungunyungu.