Kitochi: Chagua kwa kidole gumba

TANGU M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, kidole gumba kilichokomazwa na jembe kimekuwa mhasibu wa mkulima wa Kolandoto, mkoani Shinyanga. Kikikosea tarakimu moja, fedha za mbegu zinaweza kwenda kwa asiyemjua.

Simu ya vitufe, maarufu kwa jina la kitochi, ina kinga yake. Kitufe cha 5 kina kinundu. Kidole kikikigusa, kinajua 2 iko juu na 8 chini, hata gizani.

Kwa hiyo, usiangalie bei pekee. Dukani, shika simu kwa mkono mmoja, fumba macho, tafuta 5, kisha bonyeza namba yako. Kidole kikibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, iache. Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji.