Ringi na matairi ya bajaji: kipimo kidogo, hasara kubwa

Mwekezaji mdogo wa Musoma, Bunda au Butiama anayeingia katika biashara ya bajaji au ya guta la injini huuliza kwanza bei ya chombo, kisha hesabu atakayoletewa na dereva kila jioni. Suala la matairi huja baadaye, tairi la kwanza linapokwisha, na hapo ndipo ushauri wa kila namna humiminika: weka makubwa zaidi, panua nyuma, geuza ringi. Kila badiliko la aina hiyo lina faida na gharama yake, na gharama hulipwa na mwenye mtaji.

KUSOMA NAMBA

Bajaji ya abiria aina ya Bajaj RE hutumia matairi ya 4.00-8. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha ringi. Maguta mengi ya mizigo hutumia ringi ya inchi 12, kwa mfano 4.50-12 au 5.00-12. Alama ya PR huonyesha uimara: katika saizi ileile, tairi la 6PR huhimili mzigo mkubwa kuliko la 4PR.

Matairi ya namna hii huwa na kimo kinachokaribiana na upana wake. Kwa hiyo 4.00-8 lina kipenyo cha inchi 16 hivi (8 jumlisha 4 juu na 4 chini), na 4.50-10 lina inchi 19 hivi.

HESABU YA KUONGEZA UKUBWA

Tuseme mwenye bajaji anatoka 4.00-8 kwenda 4.50-10. Chombo kitainuka kwa inchi moja na nusu, na kila mzunguko wa gurudumu utakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 19. Gurudumu kubwa hupita mashimo kwa urahisi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli kwenye njia za vumbi za vijijini Butiama.

Hata hivyo, nguvu ya kuvuta inayofika barabarani hupungua kwa karibu asilimia 16, na nguvu ya breki hupungua kwa kiasi hichohicho. Anayepakia dagaa Mwigobero au magunia ya pamba Bunda ataona gia ya kwanza ikielemewa, klachi ikiungua mapema na mafuta yakiongezeka. Kwenye mteremko, chombo kitachelewa kusimama.

Wapo wanaobadilisha magurudumu ya nyuma tu ili kupunguza gharama. Hapo chombo hulalia mbele na usukani huwa mwepesi kupita kiasi, hasa katika mwendo wa kasi kwenye lami ya Mwanza hadi Sirari. Tairi la akiba nalo halitafaa tena kila mahali. Aidha, magurudumu mawili ya nyuma lazima yalingane: likiwa moja jipya na jingine limekwisha, difu hufanya kazi muda wote hata njia ikiwa imenyooka, nayo huchakaa.

OFSETI NI NINI

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa ringi na uso unaofungwa kwenye habu. Ringi mbili za inchi 8 zinaweza kufanana dukani lakini zikakaa tofauti zikishafungwa.

Nyuma, ringi inayosukuma tairi nje huongeza upana wa chombo, na hilo husaidia kisipinduke kwenye kona. Lakini uzito huanza kuning'inia mbali na beringi, zikafa mapema, na tairi huweza kugusa madgadi. Tena, chombo chenye gurudumu moja mbele hupindukia kwenye mstari unaotoka gurudumu hilo hadi la nyuma, hivyo sentimita chache za nyuma hazileti faida yote inayodhaniwa. Mwenye kupanua na papo hapo kuinua chombo hula faida hiyo mwenyewe.

Mbele hakuna nafasi ya majaribio. Gurudumu la bajaji limeshikwa upande mmoja tu, na sharti katikati yake ikae kwenye mstari wa usukani. Ofseti ikikosewa, chombo huvuta upande mmoja na tairi huliwa upande.

USHAURI KWA MNUNUZI

Kwa anayebeba abiria mjini Musoma, saizi ya kiwandani inatosha; fedha ya kuongeza ukubwa ni bora iende kwenye tairi lenye PR ya juu zaidi. Kwa mizigo mizito ya kila siku, ni heri kununua guta lililoundwa kwa ringi ya inchi 12 kuliko kulazimisha bajaji.

Kabla ya kulipa, weka ringi mpya kando ya ya zamani, laza ubao juu ya ukingo wa kila moja, upime hadi uso wa habu. Vipimo vikitofautiana, iache. Linganisha bei kwa kilomita, si kwa tairi: gawa bei kwa kilomita ulizopata kwenye tairi lililopita.

Mwisho, ringi ya bajaji ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Fundi atoe upepo wote kwanza kabla ya kugusa nati hizo. Tairi likiwa na upepo, vipande hivyo huruka na vinaweza kuua.