Mwenendo Kwanza, Hoja Baadaye

Mteja akishindwa Mahakama Kuu hunijia na hasira, akitaka tuandike hoja siku hiyohiyo. Namwambia, "Mama, tuanze na tarehe." Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 baada ya notisi. Barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi nayo iandikwe ndani ya siku 30 hizo, na mjibu rufaa apewe nakala ya barua hiyo. Asipopewa, siku alizotumia msajili kuandaa nyaraka hazitolewi kwenye hesabu. Rufaa nzuri hufia hapo, na inaniuma kila mara.

Mahakama ya Rufani kwa kawaida haiiti mashahidi upya. Majaji watatu wanasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo nausoma mwenendo wote, kalamu mkononi, kabla sijaandika sentensi moja. Kanuni zinataka kurasa za kumbukumbu ya rufaa zipewe namba mfululizo, na kila mstari wa kumi uoneshwe pembeni, kulia. Namba hizo ni silaha. Badala ya "shahidi alijichanganya", naandika: ukurasa wa 47, mstari wa 20, anasema mpaka wa shamba ni mwembe, ukurasa wa 61, mstari wa 10, anasema ni mfereji. Jaji anafungua, anajionea.

Sababu nne za rufaa zenye mashiko zinatosha. Ukizifikisha 15, ile nzito inazama. Na kama kuna uamuzi unaotupinga, nautaja mwenyewe na kueleza unavyotofautiana na shauri letu, kwa sababu wakili wa upande wa pili hatauacha.