Ngozi Ibadilikapo Ghafla

Ngozi ni kifuniko cha mwili, lakini pia ni shahidi wa mambo yatendekayo ndani yake. Mara nyingine saratani iliyojificha tumboni huonyesha dalili zake za kwanza juu ya ngozi, kabla mgonjwa hajahisi maumivu yoyote.

Mwaka 1890 madaktari wawili, Sigmund Pollitzer na Vítězslav Janovský, kila mmoja alieleza habari za mgonjwa ambaye ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeusi na nene. Hali hiyo huitwa akanthosisi nigrikansi. Hupenda kutokea shingoni, kwapani na katika manena, na ngozi iguswapo huwa kama mahameli.

Yafaa tuseme wazi kwamba wengi wenye weusi huu hawana saratani. Kwa kawaida hutokana na unene wa kupita kiasi au kisukari, kwani insulini ikizidi katika damu huchochea seli za ngozi kuongezeka. Weusi wa namna hiyo huenea polepole, kwa miaka. Ule wa hatari humjia mtu mzima kwa ghafla, hata kama ni mwembamba au anazidi kukonda. Huenea upesi, huwasha, hufika midomoni, na pengine viganja hukunjamana mfano wa matumbo ya ng'ombe.

Sababu yake ni nini? Uvimbe, mara nyingi ule wa mfuko wa chakula, hutoa protini za kuchochea ukuaji. Protini hizo zikifika kwenye ngozi huzifanya seli zake zizaane kupita kiasi. Kwa hiyo ngozi yenyewe haina saratani. Inatii amri itokayo mbali. Ndiyo maana uvimbe ukiondolewa, ngozi huweza kurudia hali yake. Na weusi ukirejea, huenda uvimbe nao umerejea.

Wako wanaodhani kwamba weusi huo ni uchafu, wakausugua kwa sabuni na jiwe, au wakapaka dawa za kujichubua. Hautoki kwa kusuguliwa, na wakati huo uvimbe unaendelea kukua. Mara nyingi saratani ya namna hii hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Basi hakuna siku za kupoteza. Aonaye mabadiliko hayo na aende hospitali mapema, amweleze daktari yalianza lini, na kama amepungua uzito.