Toleo la majaribio lilivyofichua mlango wa siri

MACHI 2024, mhandisi Andres Freund wa kampuni ya Microsoft nchini Marekani alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL katika kompyuta yenye toleo la majaribio la mfumo wa Debian.

Alibaini jambo dogo. Kuingia katika kompyuta hiyo kwa njia ya mtandao, kupitia programu ya SSH, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde.

Wengi wangelipuuza. Yeye alilifuatilia, na Machi 29 akatangaza kuwa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka angeweza kutoa amri katika kompyuta za watu wengine bila ya ridhaa yao.

Mkasa huo unaonyesha umuhimu wa kazi isiyoonekana: kujenga na kujaribu programu huria kabla hazijawafikia watu.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili. Hata hivyo, kwa programu nyingi maandishi hayo hayana budi kugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine. Huko ndiko kuijenga programu.

Ni sawa na mtu anayesaga mahindi yake mwenyewe badala ya kununua unga uliokwisha kufungwa. Huyaona mahindi kabla hayajaingia mashineni.

Kwa XZ, hila ilikuwa hapo hapo. Sehemu ya maelekezo ya ujenzi iliyouamsha mlango huo haikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo, bali katika furushi walilopewa wajenzi. Gunia lililoonyeshwa sokoni silo lililopelekwa mashineni. Matoleo hayo yalitolewa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyeanza kuchangia mwaka 2021 hadi akaaminiwa.

Wajaribuji wana nafasi katika miradi mingi. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa kwa majaribio karibu kila wiki kabla ya toleo rasmi, ili kasoro zinaswe mapema.

Anayetaka kushiriki asitumie kompyuta ya kazi. Atenge nyingine, ahifadhi nakala za mafaili yake, kisha aandike namba ya toleo, hatua alizofuata na kilichotokea. Taarifa ya kwamba "imegoma" haimsaidii mtengenezaji.

Toleo thabiti la Debian, linalotumiwa katika seva nyingi, halikuguswa. Mlango ulinaswa ungali katika matoleo ya majaribio, kwa sababu mtu mmoja alikataa kuidharau nusu sekunde.